Simu Iliyomuulizia Ida

Wale watu waliopiga simu kumuulizia Ida hawakukosea namba. Ida ulikuwa wewe. Na aliyekuandika Ida ni mimi mama yako.

Haya, limetoka. Sasa ndiyo nikusalimie. Hujambo mama? Umefika salama? Chumba kina joto? Sisi wazima, na nina hakika wakati unasoma hapa mdogo wako Juma ameshahamia chumbani kwako na viatu vyake vyote, hata vile vinavyonuka.

Nakuandikia Jumamosi, saa tisa mchana. Kesho unaondoka. Sasa hivi uko kwa msusi kule Albion, na kwa wingi wa nywele zako (umezitoa kwangu, usimsikilize baba yako) hutarudi kabla ya magharibi. Baba yako ametoka shifti ya alfajiri Malton, amelala. Jikoni niko peke yangu na daftari lako la zamani la hesabu, lile lenye kurasa nyingi tupu mwishoni maana ulikuwa unamaliza mazoezi kabla ya daftari. Nikimaliza nitaiweka barua kwenye begi katikati ya kanga mbili, uikute Sudbury. Sitaki uisome mbele yangu. Mimi ni hodari wa mambo mengi, lakini kutazamwa usoni wakati nasema kosa langu, hapo bado sijafuzu.

Mambo ya koti na kofia, ya kufunga mlango, ya kula asubuhi, sitayaandika. Nimeyasema tangu una miaka minane. Kama hayajaingia mpaka leo, kwa barua hayaingii.

Nianze na sifa, maana nisipoanza nazo zitanipasua. Fundi wa maabara ya hospitali! Damu ya watu wa Sudbury itapita mikononi mwa mtoto wa Muheza. Nimewaambia wote kazini. Wale wasichana ninaowafundisha kupanga trei za chakula cha abiria wa ndege, nimewasimamisha kazi dakika tano wanisikilize, na msimamizi akaja kuuliza kuna nini, naye nikamwambia. Nimemwambia dereva wa basi. Yule mama wa dukani anayeuza mihogo iliyogandishwa nimemwambia mara mbili, mara ya pili akanikumbusha kwamba nilishamwambia.

Sasa turudi kwa Ida. Lakini siwezi kufika kwake bila kupitia kwenye jina lako lenyewe.

Unajua kwamba sijawahi kukuita jina lako. Nakuita mama, nakuita bibi, nakuita wewe mtoto wewe ukinikera. Ulizaliwa baba yako akasema mtoto wa kike wa kwanza ni wa mama yake, akakupa jina la mama yake, na kwetu mkwe hatajwi jina. Niliolewa nikiwa na miaka kumi na tisa nikaambiwa hivyo, na mimi nikiambiwa kitu cha heshima nakishika kama nimezaliwa nacho. Kuandika naandika. Kutamka ndiyo sikutamka. Na kichekesho chake ni kwamba mimi nisiyelitamka ndiye ninayeitwa kwa jina hilo kutwa nzima. Mama Mwanaidi huku, Mama Mwanaidi kule, na mimi naitika.

Siku ya kukuandikisha shule hapa Rexdale tulikuwa hatujamaliza hata miezi miwili Kanada. Karani alipokea fomu, akaitazama, akaniomba nimtamkie jina lako ili asikosee. Mimi kimya. Akarudia pole pole, akidhani Kiingereza kimenishinda. Kilinishinda, ndiyo, lakini hilo nilikuwa nimelielewa. Nilitazama chini kwenye viatu vyangu. Kumweleza kwamba huyu mtoto ni mama mkwe wangu ningeanzia wapi? Wewe ukasogea kwenye kaunta, pua inafika ukingoni tu, ukamtamkia mwenyewe vipande vipande, Mwa-na-i-di, kama unamfundisha a, e, i, o, u. Karani akatabasamu kwako, kisha akanitazama mimi, kisha akaandika kitu kwenye faili. Mpaka leo sijui aliandika nini. Lakini mtazamo ule niliusoma vizuri sana, mimi wa darasa la saba. Ulisema: mama hajui hata jina la mtoto wake.

Hilo liweke hapo.

Baadaye, una miaka kumi na mitatu hivi, ilikuwa Idi na tumekodi ukumbi wa chini wa jengo letu. Pilau nilipika mimi, na kuna watu mpaka leo wanaliulizia lile pilau kwa jina langu. Mwalimu Kibwana Shomari, yule rafiki wa baba yako aliyesomea uchumi chuo kikuu akaishia ofisi ya bima, alikuwa kwenye sahani ya pili. Wakati ule vilitoka vitabu vya wachumi vinavyoeleza kila kitu cha duniani kwa hesabu, watu wanavisoma kwenye treni, na yeye alikuwa ndiyo kwanza amemaliza kimoja. Ukapita na trei ya juisi, mtu akakuita kwa jina lako. Mama mmoja pale akasema jina hili litamponza mtoto huku kwa Wazungu, mngempa jepesi. Mwalimu akafuta mdomo.

"Hapana, jina halimponzi mtu. Wachumi wameshalipima hilo kwa Weusi wa Marekani, wale wanaowatungia watoto majina yao wenyewe. Jina halifanyi kitu. Jina ni dalili tu."

"Dalili ya nini?" nikauliza.

"Ya nyumba, shemeji. Ya mama. Anayetoa majina ya namna hiyo mara nyingi ni mama maskini, hakusoma sana. Mtoto akija kukwama ukubwani watu wanalaumu jina, kumbe kilichomkwamisha ni alikotoka. Mbadilishe leo umwite Elizabeti, atakwama palepale."

"Kwa hiyo kosa ni la mama."

"Sisemi kosa, shemeji. Nasema takwimu."

"Haya, takwimu imemaliza sahani," baba yako akasema, "mwongezeeni nyama." Watu wakacheka. Nami nikacheka, nikamwongezea nyama, tena ile nzuri.

Lakini lile neno lilinikaa, mama. Mwalimu hakuwa na nia mbaya, na alikuwa anasema habari za watu wengine wa nchi nyingine. Ila mimi nilisikia habari zangu. Nilimwona yule karani na faili lake. Nikasema kumbe ndicho alichoandika: mama. Kama jina ni dirisha la kumwonea mama, basi dawa ni mama asionekane.

Nikaanza kumficha mama.

Mikutano ya wazazi ya darasa la tisa, la kumi, la kumi na moja, nilikuambia nina shifti. Sikuwa na shifti. Nilikuwa nakaa kituo cha basi cha Kipling, napisha basi hili napisha lile, mpaka muda wa mkutano uishe. Nikirudi nakuta baba yako anasimulia jinsi mwalimu wa kemia alivyokusifu, na anasimulia vibaya, maana baba yako hajui kubeba sifa, anazimwaga njiani. Nilikuwa nataka kujua alisema kwa maneno gani, alikuwa amesimama au amekaa, alishika kifua au hakushika. "Amesema anafanya vizuri," basi. Mimi ningekuletea hotuba nzima.

Siku moja ukaniuliza kwa Kiingereza chako, "Mama, unanionea aibu?" Nikakujibu kwa Kiswahili changu kwamba nimechoka. Nilikuwa naona aibu kweli, mama, lakini haikuwa juu yako hata kidogo. Nilikuwa nakuonea fahari mpaka naogopa kuiharibu kwa kutokea mlangoni. Hilo nilipaswa kukuambia palepale, sufuria ikiwa bado motoni, siyo leo kwenye daftari la hesabu.

Ukamaliza chuo. Cheti kikasimama juu ya televisheni, nakipangusa vumbi kila Ijumaa. Ukatuma maombi. Mwezi, miezi, mwaka. Yule rafiki yako uliyekuwa unamfundisha masomo ya maabara kwenye meza hii hii, akila maandazi yangu, alipata kazi wiki ya tatu. Jina lake lina herufi nne. Wewe ukaanza kulala mchana. Siku moja umelala na nguo za kutokea ukaniambia, tena kwa Kiswahili, ndiyo maana nilijua imekufika shingoni: "Labda ni mimi, mama. Labda sijui kitu kama nilivyodhani."

Nikashuka ghorofa ya sita kwa Bi Filomena. Yule Mgoa wetu aliyezaliwa Tabora, amekuwa karani maisha yake yote mpaka kustaafu, na Kiswahili chake kimenyooka kuliko changu. Nilibeba nakala ya CV yako niliyoitoa mezani kwako.

"Andika kila kitu kama kilivyo," nikamwambia. "Chuo kilekile, alama zilezile, anwani yetu hii, simu yetu ya nyumbani. Jina tu ndilo ubadilishe."

Akashusha miwani. "Mama Mwanaidi, mtoto anajua?"

"Atajua akishapata."

"Na vyeti? Vyeti vina jina lake."

"Hayo ya baadaye."

"Tumwite nani basi?"

"Fupi. Lisilo na nchi."

Akafikiri. "Ida. Ida Martin. Nilikuwa na shangazi Ida, mkali kama pilipili, lakini kila alipoingia alipewa kiti." Akaandika, akatoa nakala tano, kisha akaanza kucheka peke yake. "Na wewe kuanzia leo nikuite Mama Ida?"

Sikucheka. Nilikwenda kuzituma mwenyewe, sehemu zilezile tano zilizokunyamazia.

Siku nne nilitembea na simu ya nyumbani kwenye mfuko wa gauni, mpaka chooni. Nilipanga ikilia nipokee mimi, nisikilize, halafu nikukalishe nikueleze. Siku ya tano nilikuwa na unga mikononi, nikaiweka juu ya friji. Ikalia. Ukatoka chumbani ukaipokea wewe.

"Ida? Hapana, hapa hakuna Ida. Umekosea namba."

Haijapita dakika, ikalia tena.

"Dada, nimekuambia. Hakuna mtu wa jina hilo hapa."

Ukaiweka ukanigeukia. "Mama, kuna Ida mmoja ana bahati huko aliko. Maabara wanamtafuta mara mbili." Ukacheka kile kicheko cha mtu aliyechoka, ukarudi kulala.

Na mimi nikaendelea kukanda unga. Yale maandazi yalitoka kama mawe, mkayala mkiamini nimesahau hamira. Mimi kusahau hamira! Nilivumilia mpaka aibu hiyo.

Namba yao ilibaki kwenye simu. Niliinakili nyuma ya kalenda, nikasimama nayo siku kadhaa, sikupiga. Ningesema nini? Kwamba Ida yupo lakini vyeti vyake ni vya mtu mwingine? Lakini si hilo linaloniuma, mama. Kukubadilisha jina bila kukuuliza ni kosa, na nakuomba radhi. Kubwa zaidi ni lililofuata. Maabara ile ilikuwa na karatasi zako mbili. Ya jina lako walikaa nayo miezi mitano. Ya Ida walikaa nayo siku tano. Mimi nilijua kwa hakika jambo ambalo wewe ulikuwa unalishuku tu. Na kila uliposema "labda ni mimi, mama," nilikuwa na jibu mkononi, jibu ambalo lingekuondolea lile neno kifuani mara moja, nikakunyima ili nisionekane nilichofanya. Nikakuacha uamini kwamba hujui kazi yako. Nusu mwaka. Mama yako, anayejisifu mpaka kwa dereva wa basi.

Kuna Jumapili moja Mwalimu Kibwana alikuja, wewe hukuwepo. Nilimwekea chai nikakaa mbele yake.

"Mwalimu, nina swali la hesabu."

"Sema, shemeji."

"Karatasi mbili. Mama ni mmoja, darasa la saba. Nyumba moja, Rexdale hapa. Chuo kimoja, alama zilezile. Moja ina jina la bibi yake, nyingine ina jina la Kizungu. Moja imenyamaziwa. Nyingine imepigiwa simu mara mbili kwa siku moja. Hapo aliyemkwamisha mtoto ni mama, au ni jina?"

Akaweka kikombe. "Shemeji, karatasi moja si utafiti."

"Kwako si utafiti. Kwangu ni mtoto."

Kisha akasema, pole pole, kwamba wapo waliofanya hivyo kwa karatasi nyingi, wachumi vilevile, karatasi zinafanana majina tofauti, na majibu yao yalikwenda upande huo huo.

"Na siku ile ya Idi hukuyasema haya?"

"Siku ile nilikuwa nimesoma kitabu kimoja."

"Haya. Na huyu anayeona jina, akamwona mama maskini nyuma yake, akaitupa karatasi kabla hajafika kwenye alama. Huyu kwenye uchumi mnamwitaje?"

"Wanasema anakisia kwa taarifa aliyonayo."

"Kwetu Muheza tunamwita mbaguzi. Neno moja tu, halimalizi hata wino."

Baba yako alikuwa anatutazama kama mtu anayetazama mpira wa tenisi. Mwalimu akazungusha kikombe chake, akazungusha tena, kisha akasema bila kuinua macho, "Kazini wananiita Ben."

"Nani?" baba yako akauliza.

"Ben. Tangu siku niliyoandika barua ya kuomba kazi."

"Miaka yote hii nakula na Ben!" Baba yako akapiga meza, chai ikamwagika. "Ben bin Shomari! Ben, ongeza andazi!"

Tulicheka mpaka machozi, na Mwalimu naye. Lakini nilimwona alipomaliza kucheka. Mtu aliyeniambia jina halina uzito, mwenyewe lake aliliacha mlangoni kila asubuhi. Sikumchukia. Nadhani alikipenda kile kitabu kwa sababu kilimwambia hakupoteza kitu.

Alipoondoka baba yako akaniuliza, "Zile karatasi mbili ni za mtoto, sivyo?" Nikakubali. "Utamwambia lini?"

"Akipata kazi."

"Na asipopata?"

Nilikwenda kuosha vikombe.

Sasa unajua kwa nini siku ya usaili wa Sudbury nilikuwa na wasiwasi kuliko wewe. Uliweka kompyuta mezani, ukanifukuza sebuleni, nikabaki nyuma ya mlango wa jikoni na mwiko mkononi. Na kitu cha kwanza yule mama wa Sudbury alichosema, hata kabla ya habari za kazi, alikuomba umfundishe kutamka jina lako vizuri. Ukalitamka. Akajaribu. Akakosea, akaomba mara ya pili, akakosea kama mtu mwenye kiazi cha moto mdomoni, ya tatu akapata, mkacheka wote wawili. Mimi nikakaa chini sakafuni palepale na mwiko wangu. Wiki iliyofuata barua ikaja na majina yote matatu, Mwanaidi Salehe Mhina, hakuna kilichokatwa. Sikujua nilikuwa nimebeba mzigo wa namna gani mpaka nilipohisi mabega yameshuka. Nimelala usingizi ambao sikuulala tangu tuje nchi hii.

Sikuambii kwamba sasa mambo yamekwisha. Mama mmoja wa Sudbury kujifunza jina si nchi nzima kujifunza. Nakuambia tu kwamba wewe ulikuwa unajua kazi yako tangu siku ya kwanza, na ushahidi ninao, ulipiga simu nyumbani kwetu mara mbili.

Ilibaki kumwambia mwenye jina. Nilimpigia bibi yako wiki iliyopita.

"Mama, kuna kosa nilifanya. Nilimwondolea mtoto jina lako kwenye karatasi za kazi."

"Ukampa la nani?"

"La shangazi wa jirani yetu. Mgoa."

"Mgoa!" Kisha nikamsikia anacheka, kile kicheko chake cha kukohoa. "Mkwe wangu, mimi kwenye mashamba ya mkonge nilikuwa namba. Karani alisema majina ya wanawake wa hapa yanamchanganya, akatupa namba. Mchana kutwa naitika namba. Jioni naiacha huko huko kwenye mkonge, narudi kwangu. Huyo Ida yuko wapi sasa?"

"Hayupo tena, mama."

"Basi mmepumzika. Na mtoto umeshamwambia?"

"Bado."

"Hapo ndipo utakaponikasirisha. Jina langu limezoea kuchezewa. Huyo mtoto hajazoea kufichwa."

Nikaomba radhi. Nikasikia ananung'unika, kisha akauliza kama ni kweli mpaka leo simwiti mtoto kwa jina. Nikasema ni kweli, kwa heshima yake. Akasema, "Heshima nimeiona, mwanangu, ya miaka mingi, imetosha na kubaki. Mwite mtoto jina lake. Huko mliko wa kumwita vizuri ni wachache, na wewe umejitoa."

Nilijaribu kwanza kwenye basi la Kipling, nimekaa kiti cha dirishani. Nililitamka kwa sauti ndogo. Ulimi uliogopa kama naiba. Nikarudia kwa sauti zaidi, mzee wa pembeni akageuka akafikiri namwita yeye, nikamwambia hapana, ni binti yangu, ni fundi wa maabara. Akanipongeza. Nikampa na habari za usaili mpaka kituo chake kikampita, maskini.

Kwa hiyo unaposoma hapa nitakuwa nimeshakuita mlangoni asubuhi, kwa jina lako, mbele ya jengo zima. Utakuwa umeshtuka. Utakuwa umedhani nimekasirika. Sikukasirika. Nilikuwa nimekuita tu.

Ushauri sina mwingi, na mwingine nimeshaukosea mwenyewe, utausikilizaje kwangu? Wakikufupisha kazini na wewe ukapenda, poa, ni jina lako, lifupishe. Usipopenda waambie mara ya kwanza, maana mara ya kumi inakuwa ugomvi. Ukipata mtoto mpe jina unalolitaka, hata la Bi Filomena, sitanuna. Na kama siku moja utamfanyia kosa mtu unayempenda, halafu ukaona anajilaumu kwa jambo ambalo wewe unajua si lake, mwambie kabla chai haijapoa. Mimi nilikaa na chai ile nusu mwaka. Na ukiitwa shuleni kwa mtoto wako, nenda. Nenda na sare ya kazi, nenda na kilemba, nenda na Kiingereza kibovu, kaa kiti cha mbele. Nilivikosa vile viti na sitavipata tena, na yule mwalimu wa kemia sijawahi kumwona sura.

Sasa kuna jambo moja sijui, nalo ndilo lililonifanya nimalize nusu ya daftari. Sijui ukimaliza kusoma utataka kuniona tutakapokuja kukutembelea, au la. Nimepiga mahesabu yote na baba yako, anasema utanuna siku tatu halafu utacheka ukifika kwenye maandazi. Lakini baba yako, nimeshasema, sifa hajui kubeba, na huzuni vilevile. Ukiwa na hasira, kasirika, nipigie unigombeze, mimi napokea, simu iko mfukoni. Ukitaka nikae nyumbani wengine waje bila mimi, mwambie baba yako neno moja tu, nitapika, nitafunga vyombo vizuri, nitabaki. Sitauliza. Ila kama hutasema kitu, nitajua nimekaribishwa, nami nitavaa lile gauni la kijani na nitakaa kiti cha mbele cha gari, maana nataka niingie hapo hospitalini kwako na huyo mama wa Sudbury anione vizuri: mama wa Mwanaidi ndiye huyu, darasa la saba, na pilau amebeba mwenyewe.

Gari ni la Mwalimu Kibwana. Yupo baba yako, yupo Juma, yupo Bi Filomena ambaye anasema ana maneno ya kukuomba radhi kwa mdomo wake mwenyewe kwa sababu ya shangazi yake. Wewe fungua mlango tu. Tutakuwa kwako sote Jumamosi ya mwisho ya mwezi wa tisa.